Tangi Lililopotea Kwenye Ukungu

Kihara na mkewe Wariara wanaishi Kaptembwo, upande wa magharibi wa mji wa Nakuru. Wana pikapu ya zamani na trela ya magurudumu mawili. Kazi yao ni kubebea watu mizigo. Leo nyasi za ng'ombe, kesho vitanda, kesho kutwa matangi ya maji. Kihara huendesha. Wariara hupanga mizigo na kuongea na wateja. Asubuhi hunywa chai wakiwa wamesimama, humwona binti yao Shiru akienda shule, kisha huondoka.

Kwa miaka sita walifunga mizigo kwa kamba ya nailoni. Hakuna kitu kilichowahi kuanguka.

Siku moja ya Julai walibeba tangi jeusi la maji la lita elfu tano. Walikuwa wakilipeleka Gilgil. Kihara alililaza kwenye trela, akapitisha kamba juu yake mara mbili, akapiga fundo.

"Hiyo inatosha kweli?" Wariara aliuliza.

"Ni tupu, Mama Shiru. Hata mimi nalisukuma kwa mkono mmoja."

Walipofika Mbaruk, ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye lami. Taa za magari zilitokea ghafla, zikapita, zikapotea. Kihara alipunguza mwendo kidogo tu.

Hapo Wariara akasikia sauti. Ilitoka nyuma yao. Ilikuwa kama mtu anayeimba akiwa amefunga mdomo. Iliendelea bila kuvuta pumzi.

"Unasikia?" alisema. "Zima redio."

"Redio haijawashwa," Kihara alijibu.

Sauti ilipanda, ikawa nyembamba. Kisha ikakatika. Pikapu ikawa nyepesi, kana kwamba mtu ameshuka. Kihara alisimama kando ya barabara, wakatoka nje.

Trela ilikuwa tupu.

Kamba ilining'inia upande mmoja. Ilikuwa imekatika sawasawa, kama imekatwa kwa kisu. Walitazama barabara. Hawakuona chochote. Halafu, ndani ya ukungu, kitu kikavuma. Ulikuwa mlio mzito na mrefu, na ulikuwa ukisogea. Mara ulikuwa karibu nao, mara mbali, chini ya mteremko.

Wariara alimshika mumewe mkono. Waliufuata mlio huo.

Kwanza walikuta baiskeli. Ilikuwa imepondwa ikawa bapa, na maziwa yalikuwa yakitiririka kwenye nyasi. Hatua chache mbele, mzee mmoja alikuwa ameketi mtaroni. Mkono wake wa kulia ulining'inia vibaya. Baadaye walikuja kujua kwamba anaitwa Mwaura, na kwamba huuza maziwa njia hiyo kila siku.

"Mzee, umeumia wapi?" Wariara aliuliza.

Mzee hakumtazama. Alitazama ukungu.

"Kitu kikubwa cheusi kimenipita," alisema polepole. "Kilikuwa kinaimba."

Walimkimbiza hospitali. Mkono ulikuwa umevunjika, lakini alikuwa hai. Tangi lilionekana ukungu ulipoondoka. Lilikuwa limesimama wima katikati ya shamba la mahindi, kana kwamba mtu ameliweka pale kwa makusudi. Ubavu wake ulikuwa umepasuka.

Wiki hiyo Kihara hakufanya kazi. Upepo ukipita kwenye mabati, aliacha kula, akasikiliza. Hakutaka hata kuigusa trela.

"Hii trela ina kitu," alimwambia mkewe. "Nani alikata ile kamba? Nitamwita pasta aiombee."

Jirani yao, Chepchirchir, alikuwa akianika nguo, akamsikia. Chepchirchir hufanya kazi Olkaria, kwenye visima vya mvuke. Yeye na wenzake hupakia mabomba makubwa kwenye matrela. Siku hizo alikuwa nyumbani, mapumzikoni.

"Pasta aje, si vibaya," alisema. "Lakini kwanza nionyeshe hiyo kamba, Baba Shiru."

Aliishika kamba. Kisha akapitisha kidole polepole kwenye ukingo wa trela, akasimama mahali pamoja.

"Lete mkono wako hapa."

Kihara aligusa. Chuma kilikuwa kimeliwa na kutu, kikawa kikali kama msumeno. Nyuzi za bluu za nailoni zilikuwa zimenasa hapo.

"Kamba ikipigwa na upepo hutetemeka," Chepchirchir alieleza. "Ikitetemeka, inatoa sauti. Na kila ilipotetemeka, chuma hiki kiliisugua. Ile sauti mliyosikia ni kamba ikikatwa."

"Na kule kuvuma kwenye ukungu?" Wariara aliuliza.

"Mdomo wa tangi ulikuwa wazi. Upepo ukipita juu yake unavuma, kama ukipuliza chupa."

Kujua kulimuuma Kihara kuliko kutojua. Hakukuwa na pepo kwenye barabara ile. Kulikuwa na yeye, na kamba yake.

"Lakini lilikuwa tupu," alisema mwishowe.

"Ndiyo maana liliruka. Ni jepesi na ni kubwa. Upepo unalishika kama mwavuli. Usipime mzigo kwa uzito tu. Uliza pia upepo utaushika vipi."

Kesho yake wote watatu walienda mjini, kwenye duka la vifaa la Bhanu. Waliomba mikanda ya racheti, ile yenye kifaa cha chuma cha kukazia. Bhanu alitoa ya aina mbili. Mmoja ulikuwa mwembamba, bila maandishi. Mwingine ulikuwa mpana, na lebo imeshonwa juu yake.

"Wengi wanachukua huu mwembamba," Bhanu alisema.

"Hauna lebo," Chepchirchir alijibu. "Sitajua unabeba kiasi gani." Akamwonyesha Kihara lebo ya ule mpana. "Angalia namba mbili. Hii kubwa ni uzito unaokata mkanda. Hii ndogo ni ya kazi. Fuata hii ndogo. Ukijumlisha namba ndogo za mikanda yako yote, jumla isipungue uzito wa mzigo. Na usitumie mkanda mmoja peke yake. Ukikatika, umebaki na nini?"

Walichukua mipana minne.

Nyumbani, Kihara alikwangua kutu na kulainisha ukingo kwa tupa. Chepchirchir alimfundisha kwa kutumia pipa kubwa tupu la plastiki. Waliweka vipande vya mbao pande zote mbili ili lisibingirike. Ndoano za mkanda walizitia kwenye fremu ya trela, si kwenye mbao za ubavuni, maana hizo hung'oka. Mahali mkanda ulipogusa kona, waliweka kipande cha tairi chini yake.

"Sasa pitisha ncha kwenye ule mwanya wa racheti. Vuta kwa mkono mpaka ulegevu uishe. Kisha kaza kwa mpini."

Kihara alikaza. Racheti ikalia, ka, ka, ka. Ubavu wa pipa ukaanza kubonyea.

"Hapo umepitiliza. Plastiki itapasuka. Kaza mpaka mzigo usisogee ukiusukuma, basi. Laza mpini mpaka ujifunge. Ncha iliyobaki ifunge isipeperuke."

"Na ile sauti?" Wariara aliuliza.

"Usokote mkanda mara moja kabla ya kukaza, kati ya ndoano na mzigo. Upepo hautaupiga sana. Mkiona mkanda umechanika, umefungwa fundo au umeliwa na jua, tupeni. Na mkishaendesha kilomita chache, simameni mkague. Mzigo hujipanga njiani, mkanda unalegea."

Mwezi wa Agosti walipata kazi ya kupeleka tangi lingine, kwa mama Waithera mwenye kitalu cha miche karibu na Gilgil. Wariara alifunga mdomo wa tangi kwa kifuniko chake. Mikanda mitatu ilipita juu yake, na wa nne ukalizuia kwa mbele. Baada ya kilomita tano walisimama. Mkanda mmoja ulikuwa umelegea. Kihara akaukaza.

Walipokaribia Kariandusi, ukungu ukashuka tena.

Kihara alienda polepole sana. Mbele yake ukungu ukawa na mistari. Kisha mistari ikawa na macho. Punda milia walikuwa wamesimama barabarani, kimya, hawakimbii. Kihara alishika breki na kukata kushoto. Trela ikayumba kuelekea kulia, na wakati huohuo taa mbili zikatokea upande ule, karibu kabisa.

Magari yote mawili yalisimama.

Lilikuwa basi la wafanyakazi wa shamba la maua. Lilikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye trela. Kihara alishuka, akaiendea trela. Tangi lilikuwa palepale. Halikuwa limesogea hata kidogo.

Aliinua macho. Kwenye vioo vyenye mvuke, nyuso zilikuwa zimejipanga, za wanawake na za vijana, zote zikimtazama. Zilikuwa zaidi ya arobaini. Dereva wa basi aliteremsha kioo, akalitazama tangi, kisha mikanda.

"Boss," alisema kwa sauti ya chini, "nani alikufungia huo mzigo?"

"Niliufunga mwenyewe," Kihara alijibu.

Kisha akazunguka trela akiigusa mikanda mmoja mmoja, na watu wale wakamngoja amalize.