Tone Lililoelea

"Nyigu, mgonjwa yumo wodini. Mpime, usimchome."

Sauti ya Mkuu ikakatika sikioni. Maana yake ilikuwa moja: muuzaji yumo dukani, mfanye aseme mzigo uko wapi, usimuue.

Nyigu alikuwa jasusi wa miaka mingi, hakuwa na tabia ya kubishia amri. Hii aliimeza kama kidonge bila maji. Mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, alinunua maji ya vepu, ile sigara ya umeme, katika duka hili hili. Akafa anatweta, mapafu yamejaa mafuta, mama kamshika miguu.

Akasukuma mlango wa kioo.

Duka lilikuwa safi, ungeweza kulalia sakafu. Chupa zilipangwa kwa rangi: embe, mnanaa, zabibu. Muuzaji, jamaa mnene anayejiita Profesa Moshi, alikuwa akifuta kaunta kwa kitambaa laini, polepole, kama mama anayemfuta mwanawe uso.

"Karibu, dada. Nikusaidie nini?"

Nyigu akatoa kivepu chembamba kama kalamu. Akamwambia hajui akitilie maji gani.

Profesa alikigeuzageuza, akamweleza kwa utaratibu, na kusema kweli kazi aliijua. Kidogo hivi hutaka maji mepesi. Mazito hayapenyi kwenye pamba. Koili, kile kiwaya cha kuchemshia, huungua, ukabaki unavuta ladha ya tambara lililoshika moto. Mazito ni ya mashine kubwa, zile za kutoa wingu. Na nikotini mtu apime anachokiweza, asijitie ubingwa.

Nyigu alisikiliza hadi mwisho.

Huyu hakuua kwa ujinga.

Kisha mkono wa Profesa ukazama chini ya kaunta, ukaibuka na chupa isiyo na nembo. Mzigo mpya huo, akasema, na bei ni ya shemeji.

"Basi nionjee kwanza, shemeji."

Muuzaji wa vepu huonja mbele ya mteja. Ndiyo adabu ya kazi. Profesa alicheka, akasingizia kifua kimembana tangu asubuhi.

"Chako unakionea huruma. Vya wateja je?"

Nyigu akadondosha tone kwenye glasi ya maji iliyokuwa kauntani. Maji halali ya vepu huyeyuka. Hili lilielea, duara, linang'aa.

Mafuta.

Profesa akarukia droo. Nyigu akazunguka kaunta, akaifunga kwa goti, mkono wa Profesa ukiwa ndani. Mfupa ukalia. Bastola ya Beretta ikatua chini ya kidevu, pingu zikamfunga kwenye bomba la ukutani. Nyigu akafunga mlango kwa ufunguo, kisha akaimimina ile chupa kwenye mashine kubwa ya Profesa mwenyewe. Bila haraka. Hakumwaga hata tone.

"Vuta."

"Dada yangu, nina watoto."

"Hata mama yangu alikuwa na kitinda mimba."

Mdomo wa mashine ukagusa meno. Mkuu akauliza sikioni anafanya nini. Nyigu alikuwa akimwomba Mungu huyu mtu anyamaze, akaidi japo mara moja, apate sababu.

Hakukaidi. Maneno yalimtoka kama bomba limepasuka. Lori la buluu, Isuzu, nyuma ya kiwanda cha magodoro. Linaondoka mchana huu na chupa za kugawa karibu na shule. Mwenye mzigo ni yule bwana wanayemwita Mgeni, yumo humo humo garini.

Nyigu akashusha mashine taratibu, kama mtu anayetua ndoo iliyojaa. Mkuu alikuwa amesikia yote. Wakangoja, saa ya ukutani ikigonga.

"Lori tunalo. Mgeni tunaye. Hakuna chupa iliyotoka."

"Mwekeeni Mgeni simu sikioni," Nyigu akasema.

Akatoa simu yake, akaiweka kwenye spika, akabonyeza kinasa sauti kilichofichwa kwenye kifungo cha blauzi. Sauti ya Profesa ikatoka upya, wazi kabisa, ikimtaja mwenye mzigo. Upande wa pili Mgeni akacheka kidogo.

Profesa aliujua mcheko ule, akaogopa kuliko alipoiona bastola.

"Umeniua, dada."

"Mahabusu kumebaki chumba kimoja." Nyigu alirudisha bastola kwenye pochi, akavuta zipu. "Nimewaombea mlale pamoja. Mna mengi ya kuzungumza."

Akawafungulia askari mlango, akavaa miwani ya jua, akashika njia ya kwa mama yake.