Kiapo cha Raundi ya Pili

"Senta? Senta tena?!"

Desmond Pruitt alivua kofia yake ya Tufani, akaibwaga sakafuni na kuikanyaga. Baa nzima ilikuwa imesimama alasiri ile, watu wanaizomea luninga kana kwamba ina masikio. Timu yao ya mpira wa kikapu, Tufani ya Buffalo, zamu yake ilikuwa imefika katika raundi ya pili ya kuchagua wachezaji wapya wa ligi kutoka vyuoni, na jina lililosomwa lilikuwa la Anders Holtby, senta wa kusimama chini ya kikapu, jitu kutoka chuo fulani huko Montana, refu kama ngazi.

"Masenta watatu tunao, wote magoti mabovu!" alifoka mzee Lou Sciandra, mdomo umejaa bawa la kuku. "Tulitaka mtu wa kuchezesha timu! Dupree alikuwa pale pale, hajachukuliwa na mtu! Hawa mabosi wana akili au matope?"

"Matope!" baa ikaitikia.

Renata Kubiak peke yake hakuzomea. Alikuwa amekaa ubavuni kwa Desmond, kwenye meza yenye maikrofoni, uso umemwiva. Mama yake, Bi Halina, alikuwa amemshika mkono chini ya meza. Mama wa watu alikuja na gauni lake la kanisani na keki kwenye boksi.

Maana siku hiyo haikuwa ya mpira tu. Mchana, Desmond alipofungua matangazo yake ya mtandaoni, aliinua kiboksi cha pete mbele ya kamera, akala kiapo. Tufani wakimchukua Marquel Dupree, anapiga goti hapo hapo kumposa Renata. Wakimchukua mwingine, pete inarudi mfukoni mpaka msimu ujao. Mashabiki walishangilia, kwao viapo vya namna hiyo ni kawaida: huyu hunyoa kichwa, yule hujichora jina la mchezaji mgongoni. Renata naye akacheka, akampigia mama yake simu. Wachambuzi wote si walishasema ni Dupree? Na miaka minne analisubiri goti la mwanamume huyu, jamani!

"Hakuna pete!" Desmond aliiambia kamera. "Mmeona wenyewe! Wametuharibia timu, wameniharibia na ndoa!"

"Pole, shemeji," Kip, mshika kamera wa Desmond, alimwambia Renata huku akisoma meseji za watazamaji. "Huyu hapa anasema, 'Senta wa nne benchi, na bibi harusi benchi.'"

Watu wakaangua kicheko.

"Desmond," Renata alisema kwa sauti ya chini, "zima hiyo kamera tuongee."

"Sasa hivi? Watu elfu tatu wanatutazama, mpenzi! Hatujawahi kufika hapo!"

"Nimesema zima."

"Kiapo ni kiapo. Unataka waniite mwongo? Msimu ujao si mbali."

Bi Halina akashindwa kuvumilia.

"Wewe kijana, mwanangu ni mke au ni tiketi ya msimu?"

"Mama, usinikasirikie mimi. Wakasirikie Tufani."

Renata alitamani sakafu imfunike. Hata hivyo, moyoni bado alimtetea. Mpira ndio ugonjwa wake, alijiambia, na nilimpenda akiwa nao. Hasira yote akaielekeza kwa yule jitu wa Montana, ambaye maskini ya Mungu hakuwa amemkosea lolote.

Mzee Lou ndiye aliyeyafumua mambo, tena bila kujua.

"Na wewe Pruitt! Kila siku unajifanya una watu ndani ya ofisi ya timu. Oh, 'nimeambiwa', oh, 'nimenong'onezwa'! Leo ulinong'onezwa nini? Umepigwa butwaa kama sisi. Kelele tupu!"

Hapo alimgusa penyewe. Desmond unaweza kumtukania gari lake, upara wake, hata ukoo wake, akacheka. Lakini umwambie hajui habari za Tufani? Thubutu!

"Mimi sijui? Mimi?!" Akachomoa simu. "Kip, sogeza kamera! Soma hapa mzee, soma kwa sauti! Binamu yangu yuko ofisini kule. Aliniandikia leo asubuhi, hata kahawa sijanywa!"

Mzee Lou akavaa miwani, akasoma:

"'Dupree hatumchukui, imeshaamuliwa. Ni yule senta, Holtby. Usimwambie mtu.'"

"Ehee! Nani hajui sasa? Nilijua tangu asubuhi, kabla ya wachambuzi wote!"

Baa ikampigia makofi. Halafu makofi yakapungua, yakaisha kabisa, kwa sababu Renata alikuwa amesimama.

"Asubuhi," alisema.

"Eeh, asubuhi, mpenzi, nilikuwa..."

"Na kiapo ulikula mchana."

Desmond akainyakua simu kwa mzee Lou, akaitia mfukoni.

"Ulijua!" Sasa Renata alikuwa anapiga kelele. "Ukaniinulia pete mbele ya watu, ukaniacha nimwite mama yangu, ukaniacha nikae hapa naomba Mungu litajwe jina la Dupree, na unajua fika halitatajwa! Uliitumia timu inikatae kwa niaba yako!"

"Renata, niliogopa. Ndoa ni jambo kubwa. Nilitaka muda kidogo tu..."

"Ungesema! Mdomo unaobwabwaja saa tatu nzima kuhusu magoti ya watu, umeshindwa kusema 'bado'?"

"Booo!" Mzee Lou alianza. Baa nzima ikafuata, na safari hii hakuna aliyeitazama luninga.

Renata akamshika mama yake mkono, wakatoka. Walikuwa wamefika kwenye gari, Bi Halina keshakaa kwenye usukani, Desmond alipotokea mbio, anahema, kiboksi mkononi. Akapiga goti juu ya lami.

"Nisamehe. Nimekuwa mwoga, nimekuwa mpumbavu. Kule ndani nilipoona unaondoka, nimeelewa. Renata, naomba uwe mke wangu."

Machozi yalikuwa yanamtoka kweli. Renata akayaangalia, na hasira yake ikaanza kulegea, apende asipende. Miaka minne si mchezo. Mkono wake ukanyanyuka.

"Unasema kweli, Desmond?"

"Haki ya Mungu. Ila mpenzi, sogea kidogo huku, jua linakupiga kwa nyuma."

Renata akageuka. Nyuma ya gari la jirani alikuwa amechutama Kip, kamera begani.

"Wamefika elfu kumi, shemeji," alinong'ona Kip, meno yote nje.

Renata akamwendea mpaka uso wake ukajaa kwenye kamera.

"Mnanisikia wote? Jibu ni hapana. Na asinipigie simu."

"Kata! Kip, kata hiyo!" alipayuka Desmond, bado yuko chini.

Kip hakukata.

Renata akaingia garini, akafunga mlango kwa nguvu mpaka kioo kikatikisika. Bi Halina akamtazama, hakuwasha gari.

"Mwanangu, kwani bado unampenda?"

"Nampenda, mama! Ningekuwa na hasira hivi kwa mtu nisiyempenda? Twende, kabla sijashuka."

Bi Halina akawasha gari.