Midomo Iliyosonya Peke Yake

Sauti ilitangulia kijiko. Mongina alikuwa ameinama juu ya meza ya kuonjea chai, vikombe vyeupe vimejipanga mbele yake, kijiko bado kiko hewani, na tayari midomo yake ilikuwa imekwisha kuvuta: fyuup! Ilivuta kwa nguvu, kama iliyokunywa, na haikuwa imekunywa kitu. Mongina alikitazama kijiko, akakitazama kikombe, akajiambia ni upepo tu.

Kazi ya mwonja chai ni kuvuta chai kwa kelele ili imwenee mdomoni, aijue, kisha aiteme kwenye ndoo. Hamezi. Katika kiwanda kile, njiani kati ya Kericho na Bomet, hakuna aliyeonja kumshinda Mongina, na kama kuna aliyesahau jambo hilo, yeye mwenyewe alimkumbusha kabla ya saa nne. Chai ya zamu ya usiku aliiita maji ya kuoshea soksi. Ya wakulima wa bondeni, kojo la punda. Na kabla ya kutukana alisonya kwanza. Mongina alisonya kama watu wengine wanavyopiga chafya, bila kujizuia na bila kuomba radhi. Alimsonya mlinzi, akamsonya mpishi, akaisonya hata mvua ikimkuta bila mwavuli.

Wa kumvumilia alikuwa mmoja, Weldon, mwalimu kutoka Longisa, na Weldon hakumvumilia tu, alimpenda. Tarehe ya posa ilikuwa imepangwa. Wazee wa Kipsigis, kabila lake Weldon, wangefika kwao Mongina, Chepilat, na nyanya yake Weldon, Rodah, angekuja kumbariki bibi harusi kwa mkono wake. Nyanya huyo ndiye aliyemlea Weldon tangu mama yake afe. Asipokubali yeye, hakuna ndoa, na Weldon alikuwa amemwambia Mongina hivyo waziwazi. Mongina naye, badala ya kujiandaa kumpokea mwanamke mzima, alijiandaa kupigwa picha. Alijitazama kwenye simu, akaona midomo yake ni myembamba, akapanda gari kwenda Bomet.

Pale Bomet, nyuma ya soko, kuna mwanamke aitwaye Phelis mwenye kibanda cha vipodozi, pazia, kiti cha plastiki na jina la daktari alilojipa mwenyewe. Kudunga midomo alijifunza kwenye video. Fila yake, ile dawa ya kujaza midomo, alisema inatoka kwa binamu yake Mombasa, na chupa yenyewe haikuwa na hata karatasi. Huyu Mongina, ambaye hakubali kuonja chai mpaka aambiwe imechumwa mteremko gani, alikaa kwenye kile kiti akadungwa kitu kisichojulikana baba wala mama. Akili gani hiyo?

Sindano ikiwa ndani ya mdomo wa juu, mama mzee mmoja alichungulia penye pazia. "Mafuta ya mkono ni pei kani?" akauliza.

Mongina aliyachekea matamshi yake ya Kikipsigis, kisha akamsonya, sindano ikiwa ndani.

Phelis aliganda. "Usisonye nikikudunga! Binamu yangu alinikataza kabisa. Anasema hapo umefungua mlango na hujui nani anapita."

Mongina akasonya tena, ili Phelis naye apate wake.

Siku za kwanza alijipenda. Baadaye mdomo wa juu ukavimba upande mmoja, ukajikunja kama kona ya mkate uliolowa, na Weldon, kwa upole wake wote, akamwuliza kama ameumwa na nyuki. Weldon alisonywa, lakini usiku ule Mongina alilia. Alijuta. Tuseme ukweli, alijutia sura, hakujutia kitu kingine.

Ndipo midomo ikaanza kazi yake, kwanza ule mvuto wa bure kwenye meza ya chai, kisha kanisani. Sabato ile mchungaji alikuwa akiombea familia iliyofiwa na mtoto, kanisa zima limeinamisha vichwa, na katikati ya kile kimya ukasikika msonyo mrefu, wenye mate, usio na haraka. Watu walifumbua macho. Mokeira, dada ya mama yake Mongina, alimfinya paja mpaka akaruka. "Si mimi, Anti," Mongina alinong'ona. Nani angemwamini? Tangu azaliwe alikuwa akisonya.

Jumatatu midomo ilimsonya Bwana Obure, mkubwa wake, alipokuwa akimwambia pole kwa uvimbe. Obure aliweka kikombe chini taratibu. "Hii kazi ni ya mdomo, Mongina," alisema. "Enda utengeneze huo, ndio urudi."

Alirudi kwenye nyumba yake ya kiwanda akampigia Phelis simu. Phelis alimshauri aikande midomo kwa kijiko cha moto, halafu arudi aongezewe kidogo upande wa pili ili pande zilingane. Na Mongina, kwa ujinga usiopimika, alikuwa tayari anachemsha maji ya kijiko wakati Mokeira aliposukuma mlango.

"Zima hiyo jiko," Mokeira alisema. "Umeharibiwa na mtu, unataka kurudi kwake akumalizie?"

Alasiri hiyo mvua ya mawe ilikuwa imeanza kupiga mabati. Nyumba ikawa na giza, na ndani ya giza hilo Mokeira akanusa kitu. Ilikuwa harufu ya majani ya chai yaliyosahauliwa kwenye gunia yakashika joto lao wenyewe, harufu tamu inayoelekea kuoza, na haikutoka jikoni.

"Anti," Mongina alisema kwa sauti ndogo, "kuna kitu kwa mdomo yangu. Inaongea."

"Inaongea nini?"

"Bado. Lakini naskia ikijaribu."

"Wachana na hayo. Majini ni ya Mombasa. Yatafuata nini huku kwa baridi?"

Mongina alisimama mbele ya kioo kidogo kilichoning'inia ukutani, akaifunga midomo, akaifunga kwa nguvu mpaka kidevu kikatetemeka, akaweka kiganja juu yake ili awe na hakika, na chini ya kiganja chake mwenyewe akaihisi ikianza kujinyoosha polepole, kwanza wa juu kisha wa chini, ikijilamba bila ulimi, ikijaribu umbo hili na umbo lile kama mtu anayevaa viatu vya kuazima, na alipotaka kupiga kelele akakuta kelele haina pa kutokea kwa sababu mdomo ulikuwa na shughuli nyingine, na mvua ya mawe ikazidi, na harufu ikazidi, na Mokeira aliyekuwa nyuma yake akaona kwenye kioo midomo ile ikichomoza katikati ya vidole vya mpwa wake, imelowa, inacheka, huku macho ya Mongina juu yake yakitiririka machozi.

"Baridi si mbaya," midomo ilisema. "Ndani humu kuna joto."

Kisha ikamsonya Mokeira.

Mokeira alikalia kitanda. Alikuwa muumini wa miaka mingi, akaomba kwa nguvu zake zote, na kila alipofika kwenye amina midomo ilisonya. Mwishowe aliyafuta macho yake kwa leso. "Mimi nitaendelea kuomba," alinong'ona, "lakini kesho asubuhi tunaenda Kericho, kwa daktari mwenye amesoma. Kilipitia kwa sindano. Huko huko tutakifuata."

Daktari Nyambeki alikuwa mwanamke mfupi asiyetabasamu ovyo. Alimgeuza Mongina uso kwenye mwanga.

"Nani alikudunga?"

"Mtu wa Bomet."

"Mtu," daktari alisema. "Akakudunga nini?"

"Alisema ni fila."

"Alisema." Daktari alivua glavu, akavaa nyingine. "Sikiza. Usikande, usiweke kitu moto, na usiongeze hata tone lingine juu ya hii. Kama ni fila ya kawaida, kuna dawa ya kuiyeyusha. Kama si ya kawaida, itakuwa safari ndefu, na hutanisikia nikikudanganya. Kwanza nitajaribu dawa kwa mkono, nione kama mwili wako utaikubali."

Mkono ulikubali. Akaipaka midomo ganzi, akangoja, akaigusa kwa ncha ya sindano, na Mongina hakuhisi kitu. Midomo yote miwili ilikuwa imekufa. Daktari akaishika kwa vidole vyake ili aidunge, na hapo hapo, ikiwa imekufa na imeshikwa, ikasonya.

Chumba kilijaa ile harufu ya majani yanayoungua kwa ndani. Mokeira, pembeni, alianza kunung'unika zaburi.

"Mwambie aache," sauti ilisema kati ya vidole vya daktari. "Nyumba hii nilifunguliwa na mwenyewe."

Mkono wa daktari ulisimama. Jasho lilimtoka juu ya barakoa. "Mimi nilisomea ngozi," alisema kwa sauti ya chini sana. "Hayo mengine siyajui. Lakini hii nyumba yako najua kuibomoa. Mongina, tulia."

Akadunga. Akadunga tena na tena, na sauti ikaanza kubembeleza, ikaahidi, ikatukana kwa lugha ambayo watatu wale hawakuwahi kuisikia, ikawa nyembamba, ikawa mluzi. Dirisha lilikuwa limefungwa, lakini pazia liliinuka, likasimama hewani kidogo, likatua. Harufu ikaisha. Uvimbe nao ulianza kushuka pale pale, na kesho yake Mongina aliamka na midomo yake myembamba aliyozaliwa nayo, yenye alama chache za sindano. Aliibusu simu kwa furaha. Alipomrudia daktari akaguliwe, daktari alimwambia, "Umepona. Shukuru, halafu nyamaza."

Alimsimulia Weldon yote. Mwanamume mwingine angetafuta njia ya kutokea. Weldon alimshika mkono akamwuliza kama bado inauma. "Jumamosi nyanya atakutemea mursik," alimkumbusha. "Anaweka maziwa kwa mdomo, anakupulizia usoni. Kwetu hakuna baraka kubwa kama hiyo. Usishtuke."

"Sitashtuka," Mongina alisema.

Jumamosi Chepilat ilijaa. Hema, sufuria, mashangazi, mpiga picha. Mongina alikuwa amepambwa tangu alfajiri, uso umepakwa tabaka juu ya tabaka, gauni la dhahabu limembana mbavu. Nyanya Rodah aliletwa mbele akiwa ameegemea bakora, mwanamke mkavu mwenye macho ya upole, na mkononi kibuyu cha mursik, yale maziwa yaliyogandishwa na masizi mpaka yana rangi ya jivu.

"Kaa hapa, mtoto wangu," alisema. "Nikupe paraka. Weltoni ni moyo wangu. Sasa wewe pia ni moyo wangu."

Alipiga funda, akamshika Mongina mabega, akapuliza.

Maziwa yalimwagika usoni yakiwa ya vuguvugu, yenye uchachu na harufu ya moshi. Yalishuka juu ya poda, yakafika kidevuni, yakadondokea gauni. Mpiga picha akabofya. Na mbele ya koo mbili, wazee, wachungaji na mashangazi, ukatoka msonyo mrefu, uliokamilika, huku mkono wa Mongina tayari umeinuka na leso kuifuta baraka usoni mwake.

 Nyanya Rodah alikishusha kibuyu. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alionekana tu kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto wake.

Weldon alipiga magoti karibu na Mongina. "Ni wewe, ama ni ile kitu?" alinong'ona. Midomo yake mwenyewe ilikuwa mikavu. "Niambie tu. Kama ni hiyo, nitawaelezea, na nyanya ataelewa. Kama ni wewe, omba msamaha sasa hivi. Atakusamehe. Namjua."

Mongina alijikagua. Mdomo ulikuwa mwepesi. Haukuwasha, haukujikunja. Harufu ilikuwa ya maziwa na moshi tu. Alijua, kwa hakika kuliko alivyowahi kujua chai ya mlima wowote, kwamba ule msonyo ulikuwa wake. Neno moja lilitosha kuiokoa ndoa yake, samahani, neno ambalo hata mtoto wa chekechea analiweza. Lakini kulitamka mbele ya watu wote hawa, kwa mwanamke anayesema paraka, huku picha zinapigwa? Kiburi kilikataa.

"Ni hicho," alisema kwa sauti, ili wote wasikie. "Si mimi. Kimerudi."

Weldon alishusha pumzi kwa faraja kubwa mpaka ikatia huruma kumtazama. Alisimama akaanza kuwaeleza wazee: ugonjwa, sindano, daktari wa Kericho. Vichwa vilitikisika. Mashangazi walisema ooh. Nyanya Rodah machozi yalimlengalenga, sasa kwa ajili ya Mongina, akanyoosha mkono amshike shavu.

Chini ya harufu ya maziwa ilipanda harufu nyingine. Majani, guniani, yanashika joto. Mdomo wa juu ulipata uvuguvugu, kisha uzito, na Mongina akageuka kumtafuta Mokeira, akaona Mokeira ameshikilia nguzo ya hema, uso umemparara, kwa kuwa naye alikuwa amenusa. Mongina alitaka kuita, alitaka kusema nimedanganya, ni mimi, nisameheni, alilisema lote moyoni kwa nguvu zake zote, na halikupata pa kupita.

"Nilikuwa nimeshafika mbali," midomo ilimwambia polepole, kwa sauti ya kusikiwa na yeye peke yake. "Asante kwa kuniita."

Nyanya Rodah aliinama karibu zaidi, sikio kwenye uso wa bibi harusi. "Unasema nini, mtoto wangu?"

Midomo ikajilamba, ikafunguka.