Mgeni Aliyependa Ndagala

Bado nina hasira. Niseme hivyo kwanza.

Ilikuwa lockdown ya 2021. Mabosi wamejifungia kwao na laptop zao, sisi tukatakiwa ghalani Smithfield, corona au hapana, kufunga mawe ya tajiri mmoja. Yalikuwa visukuku, yaani mifupa ya wanyama wa kale iliyogeuka jiwe. Bosi alitueleza kwa simu kwamba kabla ya watu, Sydney hii ilikuwa mito na matope, na mnyama wa lile jiwe kubwa, mwenye kichwa kipana kama sinia, alikuwa akijilaza chini ya maji akingoja samaki.

Jua lilikuwa linazama nilipomaliza kulizungushia plastiki. Nikaketi kando yake nile kabla ya basi. Nikashusha barakoa, nikafungua bakuli. Bukari, ugali wa kwetu, na ndagala, vile visamaki vya ziwani.

Hatua... nyuma yangu.

Polepole. Za mtu aliyelowa.

Nikadhani ni Wilondja, mwenzangu wa zamu. Sikugeuka. Kwetu Uvira, Kongo, huwezi kula mtu anapita usimwalike.

"Karibu, tukule," nikasema.

Harufu ya tope ikanijaa puani. Nikageuka. Hakuna mtu! Bukari ilikuwepo. Ndagala... hata mkia mmoja haukubaki.

Wilondja akaingia kwa mlango wa mbele. "Mama Divine, unaongea na nani?"

Nikamweleza. Akanong'ona, "Sasa ulimukaribisha nani?"

"Nilizani ni weye!"

Akamulika jiwe kwa simu. Plastiki ilikuwa imechanika kutokea ndani. Pale alipokuwa mnyama palibaki shimo lenye umbo lake, limejaa maji.

Siku zile serikali ilikataza wageni majumbani. Nikafika kwangu, nikakuta sakafu imelowa kuanzia mlangoni hadi mezani. Mdogo wangu Dévote, ninayeishi naye, alikuwa jikoni, hana habari. Binti yangu Divine alikuwa ameketi, ametenga sahani ya ziada.

"Ya nani hiyo?"

Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba ni ya mgeni, na mgeni ana njaa.

Hasira zikanipanda. Nikapiga meza. "Toka! Ile karibu haikuwa yako! Naiondoa!"

Kiti kitupu kikalia... kwiiii. Kikasogea karibu zaidi na mwanangu.

Tangu hapo nakaanga ndagala kila jioni, namwekea. Mimi! Nimekimbia vita, nimekuja huku kumpikia jini la matope! Mchungaji ameomba kwa simu mpaka sauti ikamkauka. Na yule tajiri, hana haya, anadai mimi na Wilondja tumemwibia mnyama wake. Aje amchukue basi!

Jana duka la Waafrika lilifungwa, mwenye duka ana corona. Nikazunguka kote, ndagala hakuna. Nikaweka bukari tupu.

Kiti kikaanza kulia.

Divine akanitazama, kisha akakitazama kiti. Mtoto huyu hajawahi kunisemesha Kiswahili hata siku moja. Akakunja mkono wa sweta vizuri, akaulaza mkono wake juu ya sahani ya mgeni, pale pa ndagala, kwa adabu yote niliyomfunza.

"Karibu," akasema. "Tukule."

Nikaurukia ule mkono, nikauvuta kwangu.

Ulikuwa umeshalowa.