Talaka Mbele ya Kamera

Siku Kaoutar alipomwona Abdoulkarim mara ya kwanza, aliangusha kibakuli cha mawese. Soko la Rumonge lilikuwa limefurika, na mbele ya meza yake kasimama yule jambazi wa televisheni, muuaji wa kila Alhamisi, kavaa shati jeupe lililonyooka kwa pasi.

"Usiniue," Kaoutar akaropoka. Soko zima likacheka.

"Mutoto muzuri hivi nimuue? Nipimie lita mbili, sheri. Na namba ya simu iwe nyongeza."

Nyongeza ikazaa simu za kila jioni, simu zikazaa posa, nikaha ikasomwa. Kuhamia tu ndiko kulikobaki, mpaka mchezo umalizike kupigwa picha. Kaoutar akabaki kwa mama yake, akimwona mumewe kwenye skrini.

Hata asubuhi moja Tantine Sharifa, shangazi yake, ambaye umbeya humfikia kabla haujatokea, akaingia anahema.

"Leo mumeo anacheza kule Magara, ufukweni! Jambazi anamwacha mkewe, talaka tatu, mbele ya watu!"

"Ni mchezo, tantine."

"Talaka haina mchezo! Ulimi ukitamka, umetamka. Na mke wa kweli aliye naye ni nani? Si wewe? Itamwangukia nani?"

Kaoutar akatoka nje. Akapiga simu.

"Karimu, hilo neno usiliseme."

"Malkia wangu, nimeua watu ishirini na hakuna aliyenikamata."

"Hao uliowaua waliamka wakala wali. Mimi ukiniacha, nitaamkia wapi?"

Akajibu kwa sauti ndogo: "Nafasi hii nimeitafuta miaka sita. Venanti anaongoza mchezo, nikigoma ananifukuza. Ananiita, sheri." Simu ikakatika.

Kaoutar akajifunga kitenge, akarukia pikipiki. Kijiji cha Minago kikapita, baiskeli za mihogo zikapita. Ufukweni Magara watu walijaa kati ya ndagala walioanikwa. Joanita, mwigizaji aliyecheza mke wa jambazi, alikuwa amepiga magoti, gauni jekundu, sanduku pembeni. Mbele yake Abdoulkarim, koti jeusi la ngozi, macho ya kuchinja.

"Mwanamke wewe," akanguruma, "kuanzia leo..."

Kaoutar akataka kupiga kelele. Badala yake akajipenyeza mbele.

Ndipo Abdoulkarim akamwona, katikati ya wauza samaki, kitenge kakifunga ndani nje. Kinywa kikabaki wazi. Taratibu, jambazi akampokonya Joanita ufunguo wa nyumba, akauvurumisha ziwani, akageuka akaondoka bila kutamka hata herufi moja.

"Simamisha!" Venanti akafoka. "Maneno yako wapi?"

"Sina, patron. Mke wangu iko pale."

"Huwezi kumwacha? Basi, Alhamisi ijayo polisi wanakupiga risasi. Umekwisha!"

Abdoulkarim akamjia mkewe, jasho linamtiririka. Akamnyooshea mikono iliyoua ishirini.

"Sheri, nimeuawa."

"Utaamka ule wali," Kaoutar akasema, machozi yakimshuka, akiishika mikono hiyo yote miwili. "Twende nyumbani. Mama amekaanga samaki wa mukeke."