Jani la Isale Mtaa wa Sikukuu

Mashua ilikuwa imeshaacha mchanga wa Kilindoni, inaelekea kwenye boti ya mbata iliyotia nanga mbele, Filbert alipofika ufukweni anahema, viatu mkononi. Akaingia majini na suruali yake ya bugaluu, pana chini, mpaka magotini.

"Klara! Rudi nikueleze!"

Klara alikuwa ameketi juu ya sanduku lake la bati, gauni la kitenge cha harusi limemkaa vyema, kilemba cha rangi ya chungwa kichwani. Alijibu kwa sauti iliyowafikia hata wachukuzi waliokuwa nchi kavu.

"Kaueleze mti wako! Mimi nakwenda Dar es Salaam kwa shangazi yangu."

"Mti gani tena, mke wangu?"

"Ule mnaoumwagilia wawili, wewe na Zamda!"

Wapiga kasia wakatazamana. Mmoja akacheka puani. Pwani nzima ilikuwa imesikia, na kufika adhuhuri Kilindoni yote ingekuwa imeongeza chumvi na pilipili. Filbert akabaki pale, suruali imelowa inamng'ang'ania miguuni. Ni suruali hiyohiyo iliyompatia mke.

Ilikuwa mwaka mmoja na kitu nyuma, soko jipya la Kariakoo. Filbert, kijana wa Kibosho aliyetoka chuo cha kilimo, alikuwa anashuka ngazi za shimoni, soko la chini, kwenda kwa Mektilda, mama wa kwao muuza ndizi. Pindo la bugaluu likanasa kwenye tenga la nyanya la mtu. Tenga likapinduka, nyanya zikateremka ngazi moja moja kama abiria wenye adabu.

"Kaka, hiyo suruali unafagilia soko?" sauti ikasema nyuma yake. "Waombe Jiji wakulipe."

Alikuwa msichana wa gauni la njano na viatu vya raizoni vya soli nene, mrefu kwa viatu na mrefu bila viatu. Klara, mtu wa Masasi, mshonaji katika kiwanda cha mashati barabara ya Pugu.

"Dada, badala ya kunicheka ungeniokotea."

"Nakuokotea na nakucheka. Mikono ina kazi yake, mdomo una kazi yake."

Mektilda akapaza sauti kutoka kwenye mikungu yake: "Filbert! Mnunulie huyo binti soda au mwoe kabisa, mnaziba njia!"

Akamnunulia soda. Kisha akamwoa, kanisani Msimbazi, na mikungu ya Mektilda ikaliwa yote. Hawakukaa sana mjini. Serikali ikampeleka Filbert kisiwani Mafia awe bwana shamba wa minazi. Mchaga wa migombani aende kuwafundisha minazi watu waliozaliwa chini yake!

Mafia iliwapokea kwa salamu ndefu na macho marefu. Waliulizwa habari za nyumbani, za kazi, za kulala, kisha wakishapita mtu aligeuka kutazama wamenunua samaki gani. Walijifunza. Filbert alijifunza kula pweza, akimtafuna kama mpira wa baiskeli. Klara alijifunza kwamba nazi iliyoanguka njiani ina mwenyewe, hata kama mwenyewe yuko Unguja. Na mzee Kitwana, mwenye nyumba waliyopanga, aliwaambia siku ya kwanza bila kuzunguka:

"Kaeni kwa raha, wanangu. Mchicha pandeni, mchicha haukai. Lakini mti wa kudumu msipande. Anayepanda mti leo, kesho anadai kiwanja."

Wiki ileile Klara alikuta juu ya mlango kitambaa kilichofungwa fundo, kimeachwa na wapangaji waliotangulia. Hakulala mpaka Filbert alipokitoa.

"Nisikilize, mume wangu. Mama yangu alifukuzwa kwa mumewe kwa sababu ya kitu kilichofukiwa kizingitini. Siku nitakayokuta dawa nyumbani kwangu, hunioni tena."

Filbert alicheka, kisha akalisukuma begi lake uvunguni. Mle kwenye begi lake alikuwa na mche wa isale aliopewa na mama yake, umeviringishwa kitambaa kibichi. Isale ni mti wa majani marefu ya kijani; Kibosho hupandwa mpakani, na nyumba isiyo nao huonekana kambi tu. Kwa Kitwana haupandiki. Kumwambia Klara hawezi. Akaupeleka kwa Zamda, mwanamke aliyeachwa na mumewe, mwenye kiwanja chake na kisima cha maji matamu.

"Nitakutunzia," Zamda alisema. "Mbolea ulete mwenyewe."

Basi Filbert akawa anachelewa kurudi, kucha zina udongo.

"Minazi ina tope siku hizi?" Klara akauliza.

"Mvua ilinyesha kule Utende."

"Utende mvua, hapa jua. Mafia ina mbingu mbili?"

"Klara, mpenzi, nimechoka."

"Naona. Umechoka, na unapiga mluzi."

Jirani mmoja akamtia maneno, eti mumeo anapenda sana maji ya kisima kile. Alasiri moja Klara akamfuata. Akachungulia kwenye ua wa makuti. Filbert alikuwa amechuchumaa, anausemesha mti ambao Klara hakuujua, anaufuta majani vumbi kama mtu anayemfuta mtoto makamasi. Zamda amesimama na kata ya maji, kanga mpya kifuani, anacheka. Klara hakuingia. Alirudi, akapika, akauliza ulikuwa wapi, akajibiwa kazini. Asubuhi akapanda mashua.

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, shangazi yake Winifrida alimtazama yeye, akalitazama na sanduku.

"Umekuja kutembea, au umekuja?"

"Nimekuja, shangazi."

"Haya. Ndoo ile pale."

Haukupita muda Awadhi, mwenye duka la pembeni lenye simu, akapiga makofi mlangoni. "Klara! Mafia wanakuita!" Simu ya Kilindoni ilipita kwa redio: mmoja akisema mwenzake hunyamaza, mpaka asikie "ova" ndipo ajibu. Wanunuzi waliokuwa dukani wakasahau unga wao.

"Klara, laazizi wangu, ova."

"Usiniite laazizi mbele ya posta nzima. Ova."

"Rudi nyumbani. Kitanda kimekuwa kikubwa. Ova."

Awadhi akakohoa. Klara akampa mgongo.

"Ule mti ni wa nini? Sema kweli mara moja tu, nipande boti leo. Ova."

Kule posta Filbert akageuka. Nyuma yake kwenye foleni alisimama mzee Kitwana, ametega sikio wazi kabisa. Akiutaja mti alioupanda kisiwani, nyumba hawana.

"Siwezi kusemea hapa. Ova."

Hapo ikapenya sauti ya mwanamke, nene, ya furaha. Ilikuwa Zamda, aliyefuata stempu. "Msalimie! Mwambie asiwe na wasiwasi, chakula unakula kwangu!"

"Nimesikia," Klara akasema. "Ova kabisa." Akakata.

Filbert akaomba ruhusa kazini. Akakata jani moja la isale, akaliviringisha kwenye gazeti, akavuka. Kwao, mtu aliyekosa hapeleki maneno. Hupeleka jani la isale lililofungwa fundo, na aliyekosewa akilipokea amesamehe. Kulikataa hakupo, hata aliyemwagiwa damu ya ndugu yake hulipokea. Maskini, uchungu ulimsahaulisha jambo moja dogo: Klara si wa Kibosho.

Alifika Mtaa wa Sikukuu jua limepinda, shati jeupe limepigwa pasi, uso haukupigwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Klara hataki kukuona."

"Si lazima anione. Mpe hiki tu. Kesho asubuhi nitapita, nitajua jibu lake."

"Hakuna maneno?"

"Maneno yamo humo."

Winifrida akakipokea kwa ncha ya kanga. Ndani, Klara akafungua gazeti. Jani refu, la kijani, lina fundo katikati.

"Shangazi! Ndilo lile! La kwa Zamda!"

"Na fundo?"

"Na fundo."

"Basi ni tumbo lako hilo wamelifunga, mwanangu. Usizae, azae yeye. Usiliguse!"

Winifrida akamwaga chumvi kizingitini. Klara akachukua koleo la makaa, akalibana lile jani, akalitupa mtaroni mbele ya nyumba, kisha akanawa mikono na mwisho akaosha hata lile koleo.

Asubuhi Filbert akapita. Alikuwa bado hajafika mlangoni alipoliona, limelala kwenye maji machafu baina ya maganda ya machungwa. Akasimama. Klara alikuwa nyuma ya pazia. Alimwona akiweka mkono kichwani kama mtu aliyeletewa habari ya msiba, kisha akageuka bila kubisha hodi.

"Umeona?" Winifrida akanong'ona. "Dawa imemshinda."

Lakini Klara alishawahi kumwona mwongo aliyeshindwa. Baba yake alikuwa mmojawapo. Mwongo hana uso ule. Shaka aliyokuwa akimwekea Filbert ikamrudia mwenyewe. Akavaa, akaenda sokoni.

Mektilda alikuwa shimoni anapanga mikungu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kumbe unajua kusalimia?" Mektilda hakuinua uso. "Mumeo kalala kwangu jana, hakugusa chakula."

"Kalala kwako?"

"Na mume wangu na watoto wangu! Wewe binti, punguza. Umemfanyia nini kijana wa watu?"

"Yeye kanifanyia! Kaniletea dawa. Jani refu lina fundo. Nimelitupa mtaroni."

Mektilda akaweka mkungu chini polepole. "Umetupa isale?"

"Sijui jina lake."

"Mama yangu mzazi!" Akaketi juu ya tenga tupu. Akamweleza yote, mti wa mpakani, fundo, msamaha, na mche ambao mama mkwe alimfungia kijana safarini ili huko ugenini wawe na kwao. "Alikuwa anakuomba radhi, Klara. Nawe umemjibu kwamba umekufa kwake. Ameenda kupanda basi la Moshi amwambie mama yake. Akishasema mbele ya ukoo kwamba isale limekataliwa, hapo hata askofu hawezi kitu."

"Basi lenyewe linaondoka saa ngapi?"

"Likijaa. Kimbia!"

Klara alivua raizoni, akakimbia nazo mkononi. Mtaa wa Sikukuu akapiga magoti mtaroni na gauni lake la njano.

"Binti, umepoteza pete?" Awadhi akauliza mlangoni.

"Zaidi, mzee Awadhi. Nipe maji."

Winifrida alitoka anapiga kelele, "Ameshalogwa! Jamani, ameshalogwa!" Klara akapokea maji. Akalisuuza jani, akashika njia ya Mnazi Mmoja, kwenye mabasi ya bara.

Utingo alikuwa anafunga mizigo juu. Filbert alikaa dirishani, anatazama mbele. Klara akapenya mpaka chini ya dirisha, pekupeku, magoti yana tope, akanyanyua jani kwa mikono miwili. Lilikuwa limekunjika, linanuka mtaro, fundo bado liko.

"Filbert wa Kibosho," akasema. "Nakuletea."

Filbert akalitazama. Abiria wawili Wachaga waliokaa nyuma yake wakainuka kuchungulia.

"Unajua unachoshika?"

"Nimejua sasa hivi. Ulipokee au nimwite Mektilda?"

Hakuwa na njia, na hakuitaka. Akanyoosha mikono dirishani, akalipokea. Mmoja wa wale abiria akasema, "Haya, shuka basi, tupate nafasi ya kuweka kikapu."

Walitembea Mnazi Mmoja bila kushikana mikono, begi katikati yao.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema nikileta dawa sikuoni."

"Ungesema ni mti wa mama."

"Ungeamini?"

Klara akafikiri. "Siku ile? Hapana." Akakung'uta tope kwenye gauni. "Na chakula cha Zamda?"

"Muhogo. Umechomwa vibaya."

"Nitamuuliza mwenyewe."

"Muulize, laazizi. Posta nzima isikie."

Walirudi Mafia kwa boti iliyofuata. Klara alimuuliza Zamda. Wakanuniana mpaka mfungo ulipofika, kisha wakawa wanakuniana nazi. Mzee Kitwana aligundua ule mti, akasema uko kwa Zamda, haumhusu. Klara alizaa watoto wanne, watatu waliishi. Filbert alihamishiwa Tanga, na huko ndiko alikozikwa. Klara alirudi Kariakoo kushona, na mpaka anazeeka aliuliza mtu anatoka wapi kabla hajapokea kitu mkononi mwake. Winifrida hakukanyaga nyumba yao hata mara moja. Mektilda aliacha ndizi, akarudi Kibosho. Awadhi aliuza duka. Zamda aliolewa na mtu wa Kilwa, akahama, na aliyenunua kiwanja chake aliuacha ule mti usimame mpakani, kwa kuwa hakujua ni wa nani.