Rangi Mbili za Jepkemboi

Kila asubuhi, kwenye foleni ya maziwa ya Nyayo, yale ya bure shuleni, Jepkemboi alikuwa mtu mkubwa. Si kwa masomo, la! Ni kwa sababu ya kopo lake la jiometri. Chini ya rula alikuwa ameficha vidonge vya rangi mbili, kila kimoja nusu chekundu, nusu cha manjano.

"Daktari, tumbo linanisokota," rafiki yake Selpha alimnong'oneza.

"Meza hiki kimoja tu, utapona," Jepkemboi akajibu kwa maringo.

Vidonge hivyo alipewa zahanati alipougua kifua, akaambiwa avimeze vyote. Kifua kilipoacha kuuma, akaona ya nini kujisumbua? Akavificha, akawa anawagawia wenzake. Hata kuku wa nyumbani waliposinzia, aliwatilia unga wa vidonge hivyo kwenye maji. Kichwa kilimvimba kwelikweli!

Kisha mdogo wake Kimeli, wa darasa la pili, akaanza kuhara. Mama alikuwa sokoni, basi Jepkemboi akampa vidonge kimyakimya. Kesho yake mtoto akahara damu. Mama alimbeba mgongoni mbio hadi hospitali, Jepkemboi akifuata nyuma.

Benchi lilikuwa limejaa wagonjwa wa kuhara damu, wengine wametoka mbali, mji wa Burnt Forest. Mama yake Selpha naye alikuwepo, akimpepea Selpha aliyejikunja kwa maumivu. Daktari Kageha akamwinamia Kimeli, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ndani.

"Amemeza dawa yoyote, mama?"

"Hapana, Daktari."

"Basi tumwanzishie ile ya kawaida, ya rangi mbili."

Jepkemboi akatazama sakafu. Lo, aibu! Masikio yalimwaka moto. Akisema, mama ataumbuka mbele ya watu wote. Asiposema, je, Kimeli akifa?

"Daktari," alisema huku machozi yakimtoka, "hiyo nilimpa mimi. Haikumsaidia. Na Selpha pia nilimpa."

Benchi zima likageuka kumtazama. Mama alifunika uso kwa leso. Jepkemboi alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Ungenyamaza, tungepoteza muda ambao mtoto huyu hana," daktari akasema. Akafungua kabati, akatoa chupa ndogo. "Imebaki aina hii moja tu ya dawa inayoweza kuwatibu. Muuguzi, lete pia maji ya chumvi na sukari!"

Selpha naye alitibiwa kwa dawa hiyohiyo. Kimeli alilala wodini hadi siku alipoamka akidai mursik, maziwa yake ya mgando, kwa sauti ya kuudhi. Mama alicheka na kulia kwa pamoja.

Siku hiyo Jepkemboi alimpelekea daktari vidonge vilivyobaki. Hakuweza kumtazama usoni.

"Sisemi wewe ndiye uliyeleta ugonjwa huu," Daktari Kageha alimwambia. "Lakini dawa ikikatizwa njiani, au ikigawiwa ovyo, vijidudu vinavyosalia huizoea. Kisha husafiri na watu, leo Eldoret, kesho Moiben."

"Na ile moja ya kabatini, vikiizoea?"

Daktari aliviweka vidonge hivyo kando.

"Hapo nitabaki na pole tu ya kumpa mama yako. Kwa hiyo dawa ukiandikiwa wewe, imeze wewe, na uimalize. Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, Daktari."

Jumatatu, kwenye foleni ya maziwa, mtoto mmoja alimnyooshea mkono. "Daktari, nipe rangi mbili."

"Usiniite hivyo," Jepkemboi akasema, uso ukimwaka tena. Akamshika mkono, akampeleka kwa mwalimu.